Saruji inazinyonga nyumba za Mji Mkongwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye nyumba wa Mji Mkongwe, Unguja. Mimi ni fundi mwashi. Kazi nimefundishwa na marehemu baba yangu, na tangu ujana wangu nimepiga lipu Malindi, Kiponda, Shangani mpaka Mkunazini.

Mwezi uliopita niliitwa kwenye nyumba moja ya Kiponda. Mwenyewe aliipiga lipu ya saruji miaka minne nyuma, akaipaka rangi nyeupe ikang'ara. Sasa rangi inabambuka na chumba cha chini kinanuka ukungu. Niligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukalia kama mtungi mtupu. Nikatia patasi. Lipu ikabanduka kipande kizima, kikubwa kama sinia, na nyuma yake udongo mwekundu ukamwagika miguuni mwangu, umerowa kama uji. Nikapanda ngazi kutazama boriti pale vichwa vyake vinapoingia ukutani. Kimoja nilikichimba kwa ukucha tu.

"Lakini mzee, niliambiwa saruji ndiyo madhubuti," akasema yule bwana. Simlaumu. Wengi wameambiwa hivyo.

Kuta zetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, unene wake nusu mita na zaidi. Ukuta wa namna hii hunywa maji, ya mvua na ya ardhini, kisha huyatoa wenyewe jua likiwaka na upepo ukivuma. Chokaa huyapisha. Saruji huyazuia. Maji yakikosa pa kutokea hupanda ndani kwa ndani pamoja na chumvi yake, mpaka yafike kwenye boriti. Na boriti ndiyo nyumba yenyewe: vyumba vya wazee wetu ni vyembamba, kiasi cha mita tatu, kwa sababu mti wa mkoko hauvuki zaidi ya hapo. Ikioza boriti, dari na sakafu ya juu vinakuja pamoja.

Mafundi wenzangu wanaipenda saruji kwa kuwa ni kazi ya siku mbili. Chokaa haitaki haraka. Huchomwa tanuuni, huzimwa kwa maji, hulowekwa shimoni wiki kadhaa, na lipu yake hupigwa tabaka kwa tabaka, kila moja ikingoja ya chini yake ikauke. Mwenye nyumba huona analipa siku za bure. Silipendi neno hilo.

Wageni wanaletwa kila siku kupiga picha milango yetu ya nakshi na njumu zake za shaba. Mlango ni mzuri, lakini unasimama kwa sababu ukuta umeushika. UNESCO iliutia mji huu katika urithi wa dunia mwaka 2000, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka mchana na watu wawili wakafariki. Sisemi saruji ndiyo iliyoliangusha. Nasema siku ile nilisimama Forodhani nikitazama vumbi, na nikazifikiria nyumba zote nilizowahi kuingia ambazo hakuna anayezipiga picha.

Ombi langu ni hili. Kabla hujamwita fundi wa saruji, gonga ukuta wako. Na wanaosimamia hifadhi ya mji wawaweke vijana chini ya mafundi wa chokaa sasa hivi, wangali wapo wanaoweza kuwaonyesha. Nikihesabu wale niliofanya nao kazi, vidole vya mkono mmoja vinatosha.

Yule bwana wa Kiponda amekubali. Tumebandua lipu yote ya ukuta wa mashariki na tumeuacha wazi ukauke. Chokaa iko shimoni uani kwake, imefunikwa kwa magunia.

Fundi mwashi,
Malindi, Zanzibar