Kwa Mashaka, kuhusu ile nyumba ya vioo

Phoenix, Arizona

Mashaka swahiba,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku wazima, tunaunguzwa tu na jua.

Picha ulizonitumia nimezitazama zote. Huyo mteja wako wa Dodoma ana jicho, simlaumu: kioo toka sakafuni hadi darini, paa limelala, bwawa mbele, mlima nyuma. Ile ya kwanza naijua. Ilichorwa na Richard Neutra, ikajengwa Palm Springs, California, mwaka 1946, kwa Edgar Kaufmann, tajiri mwenye duka kubwa kule Pittsburgh. Lakini kuna jambo ambalo picha haisemi, na naomba umwambie: ile ilikuwa nyumba ya msimu wa baridi. Kaufmann alikuwa anaikimbia theluji ya kwao. Neutra akampitishia hadi mabomba ya kupasha sakafu joto! Nani alitegemea mtu ashinde mle mwezi wa saba? Tarehe 5 Julai 2024 Palm Springs ilifika nyuzi 51.

Hata hivyo, Neutra hakuwa mjinga. Ameweka vibapa virefu vya alumini vilivyosimama wima, unavizungusha kuzuia jua na upepo wa mchanga. Nakuhakikishia, hivyo ndivyo vitu vya kwanza mteja wako atakavyofuta akiona bei.

Mimi ningemwonyesha Albert Frey. Huyu alikuwa msanifu Mswisi, aliwahi kufanya kazi Paris kwa Le Corbusier, msanifu mashuhuri, kisha akahamia jangwani na kubaki huko. Mwaka 1964 alimaliza nyumba yake mwenyewe mlimani, juu ya mji huohuo wa Palm Springs. Ni ndogo mno. Jabali halikuvunjwa, limeingia ndani, limekuwa kizuizi kati ya kitanda na sebule. Na paa ni bati, Mashaka! Bati la migongo la alumini, lile ambalo wateja wako wanaliona la kijijini, limeinama kufuata mteremko wa mlima. Kabla ya kujenga alipima kwanza mwendo wa jua palepale kwenye kiwanja, ndipo akaamua upenu utokeze kiasi gani: jua la kiangazi lisiingie, la baridi liingie.

Hapo sasa uwe mwangalifu, maana hesabu ya Frey si ya kwako. Palm Springs iko karibu nyuzi 34 kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo Desemba jua linapita chini, upande wa kusini, na ukuta wa kioo upande huo unamfaa. Dodoma jua linapita karibu na utosi mwaka mzima. Kuta za kaskazini na kusini unazifunika kwa upenu wa kawaida tu, kazi imekwisha. Adui yako ni magharibi. Jua la saa kumi linaingia chini ya upenu wowote ule, na kwenye picha uliyochora naona sebule nzima imetazama huko, kioo kitupu. Halafu mteja anataka paa la kuficha, lile la kujificha nyuma ya ukuta, eti ndiyo kontemporari. Paa la kuficha maana yake umekata upenu. Mvua ikija, ndiyo utasikia simu zake.

Akitaka usasa wa jangwani, mpeleke Tucson, si mbali na hapa. Msanifu Rick Joy amejenga huko nyumba za udongo wa kushindilia, kuta zenye unene wa nusu mita na zaidi, zimenyooka kama zimekatwa kwa wembe. Joto la mchana linachukua saa nyingi kuupenya ukuta ule, na usiku linatoka. Mradi usiku wenyewe uwe na baridi. Hapa Phoenix lami na zege vimekula baridi yetu: Julai 2023 kuna usiku kipimo hakikushuka chini ya nyuzi 36. Ukuta mnene hapo unakupikia mpaka asubuhi, na bila kiyoyozi watu wanakufa, nasema kweli. Dodoma bado mna usiku wa kujifunika blanketi. Huo ni mtaji, wala hauuzwi dukani.

Kwa hiyo tofali za kufungamana ziwe nene upande wa magharibi, na jiko, choo na stoo ndivyo vikae huko. Vioo vyake mpe, lakini kaskazini, chini ya baraza pana. Tofali za matundu usizidharau pia; Palm Springs ya miaka ya 1950 na 1960 imejaa kuta za hizo, na watalii wanasafiri kwenda kuzipiga picha.

Msimwage zege la msingi kabla sijaiona ramani mpya. Na safari hii uweke alama ya kaskazini, maana ile ya kwanza nimeitafuta hadi kwa miwani.

Wako,
Idrisa