Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Makumbusho: dirhamu bado iko kichwa chini

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu na heshima zote. Hongera kwa ukumbi mpya, taa nzuri, sakafu inang'aa mpaka mtu unaogopa kukanyaga, na duka la zawadi mmelipanua, kaharabu zimejaa tele. Mimi Jumapili nilikuja kwa shughuli moja tu, kuiangalia ile dirhamu. Bado iko kichwa chini.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kilatvia nimeshakuandikia na hukujibu, kwa hiyo lugha naona siyo tatizo.

Kwa wenzangu ambao hawajafika huku Latvia, kabati lenyewe lina vitu vya makaburi ya Walatgalia, yaani Wabalti (wenyeji wa kale wa kando ya bahari ya Baltiki) wa upande wa mashariki. Kuna sarafu moja ya fedha, ndiyo hiyo dirhamu, ya Wasamani, watawala Waislamu wa Asia ya Kati, karne ya 10, imetobolewa tundu ili ivaliwe shingoni. Mimi siyo sheikh lakini madrasa nimepita, na ukiinama ukapinda shingo kama unatafuta sindano chini ya kitanda inasomeka kabisa: bismillahi, imepigwa dirhamu hii Samarqand, halafu mwaka wa Hijria. Sarafu inajitaja kwao wapi na ilizaliwa lini! Nyinyi chini mmeandika "pambo la shingo, fedha". Basi, imetosha.

Pembeni yake kuna kete, zile zile tulizochezea bao utotoni, zimetungwa kwenye uzi wa mkufu. Kibao kinasema "konokono wa baharini". Bahari ipi mheshimiwa? Baltiki ina baridi na chumvi yake kiduchu, kete haziishi humo, hizi ni za Bahari ya Hindi na Pasifiki, zimepita mikono ya watu wangapi sijui, zikapanda mito ya Urusi au Dnieper mpaka kuingia Daugava, mto wa hapa Latvia, zikavalishwa mtoto wa kike kijijini. Na nyinyi mnaona konokono.

Tena siyo kwamba habari hazipo. Mwishoni mwa karne ya 9 msafiri mmoja, Wulfstan, alitoka Hedeby, bandari ya Waviking, akasafiri siku saba usiku na mchana mpaka Truso, mji wa biashara katika nchi ya Waprusi wa kale ambao nao ni Wabalti, na maelezo yake yakaandikwa Uingereza enzi za mfalme Alfred. Truso yenyewe ikagunduliwa 1982 karibu na Elbląg kule Poland, na dirhamu zimekutwa humo, nyingi zimekatwakatwa maana fedha walikuwa wanaipima kwa mizani. Hapa hapa Latvia, Grobiņa, mwanaakiolojia wa Sweden Birger Nerman alichimba 1929 na 1930 akakuta makaburi ya watu wa kisiwa cha Gotland na wa Sweden bara. Hiyo ya Grobiņa mmeiwekea ukuta mzima na mashua ya Waviking! Nahisi ndiyo sababu yenyewe, Waviking wanauza vikombe na fulana, Mlatgalia mwenye dirhamu ya Samarqand hauzi kitu. Au labda aliyepanga kabati hasomi Kiarabu tu, sijui, lakini wa kumuuliza si wapo?

Na hata tukiacha sarafu, ardhi ya Latvia haina shaba wala bati. Zile bangili zote, yale mashuka ya sufu yaliyofumwa na vipete vidogo vidogo vya shaba, malighafi yake imetoka mbali, watu wakalipia kwa manyoya, nta, na watumwa pia tusifichane. Kabati zima ni mzigo wa safari mheshimiwa, halafu hakuna hata ramani.

Mimi usiku naosha vyombo hotelini. Jumapili ndiyo siku yangu ya kulala na ndiyo naitumia kuwatembeza ndugu zetu wanaofika huku, tiketi nalipa, mwanafunzi akikwama namlipia na yeye, na baridi ya hapa unaijua. Safari hii kijana mmoja wa Zanzibar akaniuliza mbele ya mlinzi, "Kaka, mbona wameigeuza?" Mlinzi kuelezwa swali akacheka, akasema ndivyo ilivyoletwa. Nikaona aibu mimi, wakati kabati siyo langu.

Msaidizi wako aliniambia kwa mdomo wake, subiri ukumbi ufungwe kwa ukarabati, kila kitu kitarekebishwa. Ukumbi ukafungwa. Ukafunguliwa. Mkata utepe ulikuwa wewe, picha nimeiona.

Nilitaka ramani, nilitaka kibao cha kete, nilitaka neno Samarqand liandikwe. Sawa, hayo yaacheni kama bajeti imeishia kwenye sakafu. Dirhamu igeuzwe. Haihitaji tenda wala kamati, ni ufunguo wa kabati na glovu. Igeuzeni.

Mwisho wa mwezi naleta kundi jingine, na humo yumo ustadhi anayesoma khati za zamani kuliko mimi, na yeye huwa hapunguzi sauti.

Wako mtiifu,
mlipa tiketi