Hofu ya maikrowevu imeelekezwa pasipo hatari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ujumbe unaosambazwa kwenye simu, unaodai kwamba chakula kilichopashwa kwenye maikrowevu hubaki na mionzi na humletea mlaji saratani. Ofisini kwetu wapo watu wazima, tena wasomi, ambao oveni ikiwashwa tu hutoka nje ya chumba cha chai hadi izimike. Inanisikitisha, kwa kuwa hofu hiyo inawakimbiza watu pasipo hatari na kuwaacha hapo penye hatari yenyewe.

Mawimbi ya maikrowevu ni ya jamii moja na mawimbi ya redio na mwanga, wala hayana nguvu ya kuharibu chembe hai kwa namna eksirei inavyoweza. Ndani ya oveni hupiga mara bilioni 2.45 kwa sekunde na kuzitikisa molekuli za maji zilizomo katika chakula, na mtikisiko huo ndio unaozaa joto. Oveni ikizimwa, mawimbi hutoweka papo hapo kama mwanga wa taa, na wali hubaki na joto tu. Urefu wa wimbi moja ni takribani sentimita 12, ndiyo maana wavu wa chuma wa mlangoni, wenye vitundu vidogo, huyazuia yasitoke ilhali wewe unaona ndani.

Wanaoikimbia oveni hiyo huketi siku nzima karibu na kifaa cha Wi-Fi, ambacho mara nyingi hutumia masafa, yaani idadi ya mapigo ya wimbi kwa sekunde, yanayokaribiana na ya oveni, kwa nguvu ndogo sana. Madishi ya duara tunayoyaona kwenye minara ya simu hupelekeana mazungumzo na intaneti kwa mawimbi ya maikrowevu, na hata picha ya setilaiti hukatika mvua kubwa ikinyesha kwa sababu matone huyameza na kuyatawanya mawimbi hayo kabla hayajalifikia dishi.

Hatari za kweli hazisemwi. Oveni hupasha bila usawa, hivyo chupa ya maziwa ya mtoto yaweza kuwa vuguvugu kwa nje huku sehemu ya maziwa ikiwa ya moto wa kuunguza kinywa. Ni lazima itikiswe vizuri na maziwa yadondoshwe kwenye kifundo cha mkono kwanza kupima joto. Oveni za mtumba zenye mlango uliopinda au usiofunga barabara zisitumike kabisa. Nawasihi zaidi mafundi wa mitaani, kwa kuwa ndani ya oveni mna kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme, inayobeba zaidi ya volti 2,000, nayo yaweza kuua hata plagi ikiwa imekwisha kuchomolewa. Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni kwamba gazeti lako limpe mhandisi wa umeme ukurasa awaeleze mafundi hao, kwa picha, jinsi ya kuondoa umeme huo kabla ya kugusa chochote.

Msomaji wako,
Morogoro