Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Safari Zetu na Wageni Tuliowapokea Mombasa

Wanachama wenzangu,

Assalaam aleikum, na kwa nyote salamu za heri. Katiba ya chama chetu cha wanafunzi wa usanifu wa mandhari, yaani fani ya kupanga bustani, miti na maeneo ya wazi, inanitaka niwaeleze tuliyoyafanya katika mwaka unaomalizika. Mwaka huu nimechagua kueleza kwa kirefu jambo moja, yaani mabadilishano kati yetu na wanafunzi wenzetu wa nchi nyingine, kwa kuwa ndilo lililochukua nguvu zetu nyingi, na ndilo lililotuumiza na kutufunza zaidi.

Nianze na lililotuumiza. Wenzetu watatu walialikwa kwenye mkusanyiko wa wanafunzi barani Ulaya. Wanafunzi wa huko wana chama chao, ELASA, ambacho hukutana kila mwaka katika nchi tofauti, na wengi wao huvuka mipaka bila kuulizwa chochote. Wetu walisafiri kwanza hadi Nairobi kutoa alama za vidole, wakibeba barua za vyuo, taarifa za benki za wazazi na karatasi nyingine ambazo sitazihesabu hapa. Wawili walikataliwa, na wa tatu alipewa viza mkusanyiko ukiwa umeshaanza. Ada ya viza ya nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ombi likikataliwa fedha hizo hazirudi. Ninazitaja kwa sababu zilitoka mifukoni mwa wazazi, wala hapakuwa na ruzuku ya mtu yeyote. Barua za kukataa zilieleza kwamba kuna shaka kama waombaji wangerejea kwao. Ni neno zito kuambiwa kijana aliyezaliwa Kisauni, hapa Mombasa, na ambaye kila mchoro wake unahusu Kisauni.

Kamati ilikaa mara mbili juu ya jambo hili. Wapo waliotaka tusipokee tena mwanafunzi yeyote kutoka nje mpaka milango ifunguke pande zote mbili. Uchungu wao ni uchungu wangu, lakini sikukubaliana nao, kwa kuwa mwanafunzi mwenzetu wa kule siye aliyegonga muhuri. Tukaamua kupokea wageni kwa masharti mawili: kwamba kila mgeni afanye kazi na mwenyeji mmoja tangu asubuhi mpaka jioni, na kwamba nakala ya kila mchoro ibaki Mombasa.

Siku mbili tulizokaa Bamburi zilitosha kunishawishi kwamba tuliamua vyema. Wengi wetu tulipelekwa Haller Park ya huko tukiwa shule ya msingi kutazama viboko na kobe, tukarudi nyumbani bila kuuliza msitu ule umesimama juu ya nini. Umesimama juu ya machimbo ya kiwanda cha saruji, ambako mawe ya chokaa ya matumbawe yalichimbwa hadi kukaribia maji ya chumvi, pakabaki mwamba usio na udongo. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kujaribu miti mbalimbali, na mvinje ukawa miongoni mwa michache iliyostahimili, kwa kuwa huvumilia chumvi na mizizi yake huishi pamoja na vijidudu vinavyoupatia naitrojeni ya hewani. Hata hivyo majani yaliyoanguka hayakuoza, yalirundikana tu, mpaka walipoletwa majongoo, wakayala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Mgeni mmoja, ambaye chuoni kwao miradi huanza kwa kuagiza udongo kwa malori, alikaa chini saa nzima akimchora jongoo mmoja. Mchoro huo tunao.

Katika Mji Mkongwe wa Mombasa tulikosea, na kosa ni letu wenyeji kuliko la wageni. Tulikuwa tukipima vichochoro ili tujue kivuli huangukia wapi na saa ngapi, kwa kuwa kuta za pale zimekaribiana hata jua hufika chini kwa muda mfupi tu wa adhuhuri. Katika shughuli hiyo wanafunzi wakaanza kunyoosha futi juu ya baraza za watu bila hodi. Mzee mmoja alituita, akauliza kwa upole kama kwao wageni hawa huingia sebuleni mwa mtu wakapima viti vyake. Baraza ni sehemu ya nyumba iliyotolewa nje kwa ajili ya watu, na mwenye kuikaribia huamkia kwanza; sisi tulilijua hilo na hatukuwaeleza wenzetu. Tuliomba radhi papo hapo. Kesho yake mzee yule mwenyewe alituongoza, akatuonyesha dari za nyumba yake, akaeleza kwamba upana wa vyumba vya kale ulifuata urefu wa boriti za mikoko.

Kwa hiyo tulipokwenda hori la Mwache wageni walikuwa wakitazama mikoko kwa jicho jingine. Hatukupanda miche, ingawa picha zake zingependeza. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope jingi katika hori lile, likafukia mizizi ya kupumulia na mikoko mingi ikafa, na haifai kupanda kabla ya kujua tope linatoka wapi. Tulitumia maji kupwa kuchora mchu, mkoko na mkandaa kila mmoja mahali pake, kulingana na pale yanapofika maji ya bamvua, yaani maji yanayojaa sana mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu.

Kuhusu mashirika makubwa nitasema machache. Shirikisho la kimataifa la wasanifu wa mandhari, IFLA, lililoanzishwa Cambridge mwaka 1948, lina kanda tano na Afrika ni mojawapo. Shindano lake la wanafunzi hufanyika kila mwaka, na kushiriki hakuhitaji viza. Tulipaswa kupeleka kazi na hatukupeleka. Pia tunawafahamu wanafunzi wa Ulaya kuliko tunavyowafahamu wa Tanzania, Uganda na Rwanda, ambako Mkenya huingia bila viza. Lawama ya hayo mawili ni ya kamati yangu.

Ninaomba basi mkutano upitishe kwamba safari yetu ijayo iwe ya basi, kupitia mpaka wa Lunga Lunga hadi Dar es Salaam, na kwamba akiba ya nauli ianze kwayo. Hesabu kamili atazisoma mweka hazina.

Walio na michoro ya Mji Mkongwe majumbani waikabidhi kwa katibu kabla ya Ramadhani. Tulimuahidi yule mzee nakala ya kichochoro chake, na mpaka leo hatujampelekea.

Mwenyekiti,
Mombasa