Nani kasema muziki wa mashine hauna ufundi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nimjibu mwandishi wenu wa burudani. Kaandika eti vijana wa studio wameua muziki kwa kompyuta, eti sauti ya roboti na ngoma za mashine zimeletwa na uvivu wa siku hizi, zamani watu walikuwa wanapiga vyombo. Mi bendi za Msondo na Sikinde nazipenda labda kumzidi yeye, ila hapo kwenye "zamani" ndo kanishinda, maana hiyo sauti ya roboti anayoilaumu ina zaidi ya miaka 40 na walioitoa walikuwa wapiga vyombo haswa, watu wa fanki, yaani muziki wa kucheza wa Weusi wa Marekani wenye besi nzito, ile fanki ya umeme ambayo sisi wa rika langu tuliiruka sana tu kwenye disko toto bila kujua imetoka wapi.

Tuanze na Roger Troutman, jamaa wa Hamilton, Ohio, mpiga gitaa, na bendi yake Zapp aliyopiga na ndugu zake wa damu. Mwaka 1980 walitoa "More Bounce to the Ounce", Bootsy Collins akiwa mmoja wa waliosimamia kazi hiyo. Ile sauti mnayoisikia inaimba kama kinanda kimepata ulimi siyo kompyuta. Sauti ya kinanda inapelekwa kwenye spika ndogo iliyofungwa, kutoka hapo inapita kwenye mpira wa plastiki mpaka mdomoni mwa mwimbaji, yeye anaumba maneno kwa ulimi na midomo bila kutoa sauti yake mwenyewe na maiki inachukua kinachotoka. Wanaita tolkboksi. Sasa fikiria huyo mtu, vidole viko kwenye kinanda vinatafuta noti za wimbo, mpira umekaa mdomoni, mate yanamtoka, na bado atamke maneno watu wayaelewe, tena jukwaani huku anacheza. Huo ndo uvivu? Mwandishi wenu achukue mpira ajaribu nyumbani kwake kwanza.

Halafu kachanganya mambo, kaweka tolkboksi, vokoda na otutyuni kwenye kapu moja. Vokoda ni mtambo mwingine kabisa, unachanganya sauti ya mtu na ya kinanda ikatoka kama roboti, ulianzia kwenye maabara za simu za Bell kule Marekani na kwenye vita ya pili ya dunia teknolojia hiyo ilitumika kuficha mazungumzo ya wakubwa wasisikilizwe na adui. Otutyuni, programu ya kompyuta inayonyoosha sauti ya mwimbaji, ndo mtoto wa juzi, imetoka 1997, na aliyeitengeneza, Andy Hildebrand, alitokea kwenye hesabu za mitetemo ya ardhi za kutafutia mafuta. Roger hakuwa na hiyo kitu wakati anaanza na wala hakuihitaji. Alifariki 1999, lakini kabla ya hapo, 1995, 2Pac na Dr. Dre walimwita kwenye "California Love" na kile kiitikio kila mtu anakijua mpaka leo, hata huyo mwandishi naamini anakijua.

Na kabla ya Zapp kuna Bernie Worrell, mpiga kinanda wa bendi ya fanki ya Parliament. Huyu alisoma piano kwenye chuo cha muziki, siyo mtu wa kubahatisha. Kwenye "Flash Light" akaipiga besi kwa sinthesaiza ya Moog, kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme, badala ya gitaa, wimbo ukashika namba moja kwenye chati ya muziki wa Weusi mwaka 1978, na tangu hapo besi ya fanki haikurudi ilikotoka, nzito, inateleza, inakwenda kama dereva wa daladala aliyelewa ila hakosi kituo.

Sasa ngoma za mashine. Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa TR-808 mwaka 1980, wakati huo mashine ya Linn ya Marekani ilikuwa inauzwa karibu dola 5,000 kwa sababu ndani yake kuna sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa. 808 ilikuwa kama dola 1,200 na sauti zake zote ni za umeme mtupu, hazifanani na ngoma ya mtu yeyote, wanamuziki wengi wakaicheka. Zilitengenezwa kama 12,000 hivi, 1983 uzalishaji ukasimama, na moja ya sababu ni kwamba ilitegemea transista zenye kasoro ambazo kiwanda kikaacha kuzipata. Yaani ule mvumo wetu pendwa una mkono wa vipuri vibovu! Baadaye mashine zikashuka bei madukani kwa mitumba, vijana wasio na hela wakazibeba, na leo prodyuza yeyote wa bongofleva ukimwambia weka 808 hakuulizi mara mbili.

Walioifanya isikike dunia nzima ni DJ Afrika Bambaataa na kundi lake Soulsonic Force kwa "Planet Rock", New York, 1982. Hawakuwa hata na mashine yao, walimpata mwenye 808 kupitia tangazo dogo gazetini (mnaona faida ya magazeti) wakamlipa dola 20 aje kuipangia midundo. Prodyuza Arthur Baker na mpiga kinanda John Robie wakachukua melodi na mdundo kwenye nyimbo mbili za Kraftwerk, Wajerumani wa Düsseldorf, na ile "bwaa!" ya okestra inayokatiza katikati imetoka kwenye kompyuta ya Fairlight ya Australia, ndani yake kuna kipande cha mtunzi wa Kirusi, Stravinsky. Kwaiyo Mjerumani, Mjapani, Mrusi na Mwaustralia wote wamo, lakini aliyewakalisha chini wakacheza ni Bambaataa, kijana wa Bronx, New York. Ndo maana nikisikia mtu anasema muziki wa elektroniki ni wa Wazungu tu nabaki namwangalia.

Ukatapakaa hapo. Detroit, Juan Atkins na mwenzake Richard Davis walishatoa wimbo 1981 kama Cybotron, na humo ndo ikachipuka tekno, muziki wa kucheza wa mashine tupu. Miami wakaongeza besi mpaka vioo vya magari vinatetemeka, besi hiyo ikafika Rio de Janeiro kwenye madisko ya mitaa ya maskini, wakaimba Kireno juu yake, na 1989 DJ Marlboro akatoa albamu ya kwanza ya fanki yao. Na Afrika tusijitoe, kule Enugu, Nigeria, William Onyeabor alikuwa amejaza sinthesaiza studio kwake na katoa albamu kadhaa mpaka 1985, kisha akaacha, akaokoka, akawa hataki kabisa kuulizwa habari za muziki ule. Dunia ilikuja kumgundua upya 2013, akafariki 2017.

Huku kwetu muziki huo ulikuja na breki, yaani breakdance. Filamu ya "Breakin'" ya 1984 ilizunguka kwa kanda za video, na Tanzania bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994, kwaiyo mkanda mmoja unaangaliwa na mtaa mzima, vijana wanatandaza maboksi chini wanazunguka kwa mgongo. Pale jamaa anapocheza na ufagio, muziki unaopiga ni Kraftwerk. Hao watoto wa breki baadhi yao ndo walikuja kushika maiki miaka ya mwanzo ya tisini wakaanza kurap Kiswahili, na bongofleva ikatokea humo, kwaiyo mashine haijavamia bongofleva, ilikuwepo kwenye kuzaliwa kwake.

Kuna nyimbo mbovu siku hizi, sibishi, zingine biti imenakiliwa mzima mzima na otutyuni imewekwa kuficha mtu asiyejua kuimba. Hao mwandishi wenu awaseme kwa majina ya nyimbo zao, asiseme kompyuta. Na akirudi kuandika naomba ahoji prodyuza hata mmoja, makala nzima imejaa wazee wa bendi tu, wakati watengeneza biti wapo Temeke, Sinza, Mwananyamala kote huko, na wengi hata jina kwenye wimbo hawawekwi.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Temeke, Dar es Salaam