Barua kutoka Kobe: babu yako hayumo kwenye picha

Kobe, 17 Agosti

Mwanaidi shoga yangu,

Salamu nyingi, na unisamehe kwa kimya cha miezi yote hii. Mimi mzima, ila joto la huku Agosti ni kama la Tanga lililonyimwa upepo wa bahari. Ni wiki ya Obon, watu wamekwenda kwao kuzuru makaburi, chuo kimefungwa, nami nimebaki na feni na televisheni.

Juzi tarehe 15 nilikuwa naangalia besiboli ya shule za sekondari kutoka uwanja wa Koshien, si mbali na hapa. Saa sita kamili mchana mchezo ukasimama. Wachezaji wakavua kofia, king'ora kikalia, uwanja mzima ukainamisha vichwa kwa dakika moja. Ndiyo saa ambayo mwaka 1945 sauti ya Mfalme Hirohito wa Japani ilisikika redioni ikitangaza kushindwa vitani. Dakika ikaisha, mpira ukarushwa tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Watoto wale hata wazazi wao hawakuwa wamezaliwa wakati huo. Nikamuuliza mama mwenye nyumba wangu, mtu wa miaka hamsini na kitu, yeye vita aliijulia wapi. Hakutaja shule wala kitabu. Akasema, "Agosti, kwenye televisheni. Na Hotaru no Haka."

Hotaru no Haka, yaani Kaburi la Vimulimuli, ni katuni ya Isao Takahata ya mwaka 1988. Kama hujaiona, usiiangalie usiku ukiwa peke yako. Seita na mdogo wake Setsuko, mtoto wa miaka minne, wanaunguziwa mji wao, huu huu wa Kobe, kwa mabomu ya moto. Mama yao anakufa. Jamaa aliyewapokea anawasimanga kwa kila kijiko cha wali, mpaka wanahamia handakini, na huko njaa inammaliza mtoto polepole mbele ya macho yako. Kaka naye anafia stesheni ya Sannomiya, ameegemea nguzo. Mwanaidi, hapo ndipo ninapobadilishia treni kila siku, na mpaka leo siwezi kupita bila kutazama chini ya nguzo. Ndivyo picha hii inavyofanya kazi. Hata kopo la pipi alilokuwa nalo Setsuko limekuwa kumbukumbu ya vita: kampuni iliyotengeneza zile za kopo jekundu ilipofunga kazi Januari 2023, watu walikimbilia kuzinunua, na habari zake hazikukosa kuitaja picha ile.

Sasa sikiliza kilichonikaa rohoni. Baba wa watoto hawa ni ofisa wa jeshi la majini. Humwoni ila katika kumbukumbu ya Seita: manowari zimepangwa, taa zinameta, bendi inapiga, mtoto amejaa fahari. Mara ya kwanza niliona tu mtoto anayempenda babaye. Mara ya pili nikaikumbuka Khedive Ismail, meli iliyoondoka Mombasa Februari 1944 na askari wetu wa mizinga kuelekea Ceylon, Sri Lanka ya leo. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani iliipiga karibu na Maldivi, ikazama kabla watu hawajajua la kufanya. Walikufa karibu 1,300, mamia kati yao watu wa Afrika Mashariki. Jeshi ni lile lile la baba yake Seita.

Simlaumu Seita, na picha haisemi uongo. Takahata mwenyewe alikimbia mabomu mjini Okayama akiwa na miaka tisa. Tena alikataa kazi yake isiitwe picha ya kupinga vita, kwa kuwa hakuamini kwamba kuonyesha mateso peke yake kunazuia vita nyingine. Lakini Agosti baada ya Agosti, ukikaa mbele ya televisheni, vita inakuwa kama tufani. Inatoka angani, inaangukia paa za watu wanyonge, na hakuna aliyeiita. Na machozi, shoga, hayaachi nafasi. Mimi nililia mpaka nikasahau kuuliza.

Hata sinema yenyewe ilikuwa vitani. Mwaka 1942 Eiji Tsuburaya alitengeneza meli na ndege ndogo za kuchezea kuigiza ndege za Japani zinavyoishambulia Pearl Harbor, bandari ya jeshi la Marekani, kwa picha ya kulisifu jeshi. Mwaka 1954 mikono ileile ikamleta Godzilla, dude linaloiteketeza Tokyo. Mara ya kwanza watazamaji walikaa upande wa ndege, mara ya pili chini ya paa.

Halafu kuna ile ya Burma, na hii ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu. Kinubi cha Burma, ya Kon Ichikawa, 1956. Kikosi cha Kijapani kinaimba porini, vita inakwisha, na askari mmoja, Mizushima, anakataa kurudi nyumbani. Anavaa joho la mtawa ili azike maiti za wenzake zilizotapakaa nchi nzima. Ni picha nzuri, siwezi kukuficha. Ila Waburma wenyewe wamo kama mapambo (kuna bibi wa Kiburma anayeongea Kijapani cha mitaa ya huku kwetu Kansai, nilicheka peke yangu), na ukitafuta keya hata mmoja, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, humwoni. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 katika masika isiyoisha, na babu yako alikuwemo. "Matope hadi kiunoni," basi, hakuongeza neno. Mizushima anazika watu wake. Waliozikwa na babu yako hawamo, wala waliomzika mwenzake.

Nisiwe mchoyo, wapo waliogeuza kamera. Masaki Kobayashi alitoa picha ya Ningen no Jōken, yaani Hali ya Mwanadamu, kati ya 1959 na 1961, zaidi ya saa tisa, na humo unawaona Wachina wanavyotumikishwa machimboni Manchuria na Wajapani. Kwenye televisheni kulikuwa na Oshin, tamthilia ya NHK, shirika la utangazaji la huku, 1983 hadi 1984, vipindi 297, nchi nzima imekaa kuitazama. Mume wa Oshin anafanya biashara na jeshi, anawahimiza vijana wa jirani waende vitani, na baada ya kushindwa anajiua kwa sababu hawezi kuwatazama wazazi wao usoni. Mama mwenye nyumba anasema siku hiyo bibi yake alinyamaza mpaka kipindi kikaisha, kisha akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Jana nilimsimulia habari za babu yako. Alishangaa kweli. "Waafrika? Burma?" Akaniuliza mara mbili. Kwa hiyo nakuomba kitu: mwambie mama afungue lile sanduku la bati juu ya kabati, unipigie picha ile medali ya nyota, mbele na nyuma, na kama kuna karatasi yenye jina la mahali, hiyo pia. Nataka nimwonyeshe kabla Obon haijafika tena. Na mama asiisugue, aiache ilivyo.

Nisalimie wote nyumbani.

Wako,
Rehema