Kibao cha 50 kina mwanzo, hakina mwisho

Mhariri,

Kila basi likipata ajali kubwa hapa nchini, wasomaji wako huandika kwamba tuige Rwanda: kule sheria ni kali, watu wana nidhamu, sisi Watanzania hatusikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Mimi ni dereva wa trela. Napeleka makontena Kigali kutoka bandari ya Dar es Salaam, kwa hiyo sheria za nchi zote mbili zinanihusu ndani ya safari moja. Naomba nafasi kidogo niwapinge. Anayetii Rwanda na anayekaidi Tanzania mara nyingi ni mtu yule yule.

Nenda Rusumo, mpakani na Rwanda, ukaangalie. Malori mengi yanayovuka daraja la Mto Kagera yana namba za Tanzania na madereva wake ni Watanzania. Hao hao, siku moja kabla, walikuwa kwenye tambarare ya Igunga na Nzega wakiachia gari litembee litakavyo, na sheria yetu inasema gari zito lisizidi kilomita 80 kwa saa. Wakishavuka, ukiwakuta Kirehe au Kayonza utadhani wamebeba mayai. Hakuna aliyebadilishiwa damu pale mpakani.

Na sheria zenyewe hazitofautiani kama tunavyodhani. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, ina mikanda, ina kilevi, ina kofia ngumu kwa pikipiki, na kwenye makazi ya watu mwisho ni 50. Rwanda walichotuzidi kwenye karatasi ni mabasi ya abiria: tangu kanuni ya mwaka 2015 yanafungwa kidhibiti mwendo, basi halivuki 60 hata dereva akanyage mpaka sakafuni. Sisi tuna mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, wa kufuatilia mabasi, ambao unaripoti mwendo lakini haumshiki dereva mguu.

Tofauti ninayoiona mimi nikiwa kwenye usukani ni hii. Hapa kwetu 50 inaishi pale aliposimama trafiki. Dereva anayekuja upande wa pili anakupigia taa, maana yake mbele kuna tochi, mashine ya kupima mwendo. Unapunguza, unapita, unamsalimia afande kwa mkono, kisha unaongeza. Ukikamatwa ni shilingi 30,000, unapewa namba ya malipo, na stori inaishia hapo. Kule wameweka kamera, wenyewe wanaziita Sofia. Inapiga picha, deni linaandikwa kwenye namba ya gari, na hakuna wa kukupigia taa kwa sababu hakuna mtu wa kumwona kwa mbali. Tajiri, yaani mwenye gari, naye analiona deni kwenye simu yake kabla hujafika, na wengi wetu tunamwogopa tajiri kuliko hakimu.

Lakini kamera peke yake nisingeisifu, na hapa ndipo ninapotaka wenye dhamana ya barabara kuu wanisikilize. Ukitoka Dodoma kuelekea Singida utakuta kibao cha 50 mwanzo wa kijiji. Kijiji kinaisha, mashamba yanaanza, kibao cha kumaliza 50 hakipo. Kiligongwa, au kimefunikwa na majani, au chuma chake kimeshauzwa kwa wanunuzi wa skrepa. Sasa dereva afanye nini? Akitii anabaki kwenye 50 mpaka kijiji kinachofuata, huku mabasi yanampita yakimpigia honi. Asipotii, anaweza kumkuta afande chini ya mwembe na mashine yake. Ukishakamatwa hivyo mara kadhaa unaacha kusoma vibao, unaanza kusoma miembe. Hiyo tabia tumefundishwa, hatukuzaliwa nayo.

Rwanda nao walikwama kwenye jambo hili hili. Mwaka 2021 Rais Paul Kagame mwenyewe alisema hadharani kwamba mwendo uliowekwa kwenye baadhi ya barabara ni mdogo mno, na polisi wakaahidi kuutazama upya. Mtu akiadhibiwa kwa kikomo asichokielewa, hata Kigali ananung'unika.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi kabisa, labda kwa sababu wanaoandika husafiri kwa ndege. Tanzania tunaendesha kushoto, Rwanda wanaendesha kulia. Trela letu usukani uko kulia. Ukiwa kule unakaa upande wa mtaro, na ukitaka kulipita gari la mbele huoni chochote ila mgongo wake. Anayeona ni utingo, kiti cha kushoto. Yeye ndiye anakwambia "twende" au "kaa". Mimi utingo mwenye usingizi simpandishi gari, na kwenye vilima vya kule, kama sina uhakika, nabaki nyuma ya lori la saruji hata kama linatambaa. Malori ya Rwanda, yenye namba zinazoanza na R, yanayoshuka Dar yana taabu hiyo hiyo kinyumenyume. Ukiona moja limekung'ang'ania nyuma halipiti, usilipigie kelele, dereva wake haoni vizuri anayekuja.

Watu hudhani hatari ya kubadilisha upande iko pale darajani. Pale kila mtu yuko macho, vibao vipo, unafuata foleni. Hatari iko baadaye: umerudi Tanzania, umelala Benako, alfajiri umekunywa chai, barabara ni tupu, hakuna gari la kufuata, na mikono inakupeleka ilikozoea juzi. Mshale mkubwa wa rangi nyeupe kwenye lami, hapo malori yanapotokea kuingia barabarani, gharama yake ni makopo ya rangi. Uchorwe Benako, uchorwe na Nyakahura baada ya mizani.

Bodaboda sitawasema sana, wameshasemwa. Ila Kigali pikipiki hubeba abiria mmoja na abiria anavaa kofia, na mishikaki ya watu watatu sijaiona.

Nimalizie na usiku. Tangu Oktoba 2023 mabasi ya mikoani yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na mimi sipingi, kwani abiria wanafaidika. Lakini mwendo tunaudhibiti kwa macho ya afande, na afande usiku anapumzika kama binadamu wengine. Saa nane za usiku kati ya Manyoni na Singida unakutana na basi lililo kasi, mbele yako kuna fuso lililoharibika katikati ya njia, na alama yake ni tawi la mti lililotupwa nyuma. Tawi haling'ai. Vipembetatu vyekundu vinavyoakisi mwanga viko kwenye sheria na vinauzwa kila duka la vipuri, lakini ukaguzi wake unafanyika mchana, vikiwa ndani ya kasha chini ya kiti.

Kwa hiyo wanaotaka tuige Rwanda, naomba wadai mambo yenye anwani. Kila kibao cha 50 kiwe na mwenzake wa kukimaliza, na kikiibwa kirudishwe ndani ya wiki. Kamera za kudumu ziwekwe kwanza kwenye vijiji vilivyo pembeni ya barabara kuu, zifanye kazi usiku na mchana, na mahali zilipo patangazwe. Ukaguzi wa vipembetatu ufanyike usiku, kwenye mizani, magari yakiwa yamesimama tayari.

Dereva wa trela,
Mlandizi, Pwani